Mshika Kopo

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga
kabla halijawa benki ya barabara yetu.
Nilitoboa kifuniko kwa msumari,
upana wa noti iliyokunjwa mara nne,
nikaliweka chini ya meza, karibu na bitoyo.
Sheria ni moja hapa Katuba:
mshika kopo habashiri.

Mara ya kwanza, mwezi wa nne,
Nkulu alimshinda Musompo kwa pointi.
Pointi! Neno hilo limevunja urafiki wa watu wazima.
Tshibamb, fundi cherehani, bado anazo raundi zote kumi,
kaziandika kwa chaki kwenye suruali ya mteja:
"Ya sita ya Musompo. Ya saba pia.
Refa alikuwa anaangalia viatu vyake."
Na Kapend, mlinzi wa usiku,
anayelala mchana isipokuwa siku za mabishano:
"Weye ulikuwa unaangalia na macho ao na moyo?"

Sasa ni marudiano.
Kilo mia na kumi na mbili, kilo mia na nne.
Wanazitaja kama wachimbaji wanavyotaja gunia
kwenye mizani ya mnunuzi wa shaba:
kila mmoja anajua sindano imelala upande.

Elfu tano. Elfu kumi. Mabati mawili.
Jogoo mwekundu wa Kapend, ambaye hakuingia koponi,
amefungwa mguu wa meza yangu, ananya.
Mado msusi kaweka kichwa kimoja cha bure:
"Mwanaume aliyeshindwa hadharani hupiga kwa aibu,
na aibu haina kilo."

Mimi nasonga bukari, nanyamaza.
Kwa maana nimeona.
Musompo hula kwangu tangu jina lake halijapakwa ukutani.
Wiki tatu sasa anamega kwa mkono wa kushoto,
yeye, mtoto aliyelelewa,
na wa kulia umelala pajani kama mgonjwa wa homa.
Sikuuliza.
Nilihamisha tu bakuli la kunawia.

Jumamosi usiku nikiwa nafagia
aliinama kupita mlangoni,
akaweka elfu themanini, noti zenye harufu ya mafuta ya kukandia.
"Mama Kabange, andika. Bila jina."
"Kwa nani?"
Akamtazama jogoo.
"Nkulu."
Makala yakapasuka kwenye mbabula.
"Hospitali hawapokei pointi," akasema, akatoka.
Penye jina nikachora kijiko.

Jumapili, redio ya Kapend, antena ya waya wa baiskeli.
Raundi ya kwanza Musompo anapigwa. Ya tatu anapigwa.
Ya tano Tshibamb akaacha kuandika.
Nilijua anachongoja: aanguke vizuri,
ainuke polepole, aende akalale.

Ya nane, mkono wa kushoto,
ule uliojifunza kumega na kutowesha bila kumwaga mchuzi,
ukapanda kutoka kiunoni.
Sijui kama aliutuma.
Mtangazaji alikosa maneno, akataja jina la Nkulu mara mbili,
na Nkulu akakaa chini
kama mtu aliyekumbuka jambo la nyumbani.

Nililipa hadi saa tano usiku.
Elfu themanini zikagawanyika mikononi mwa watu wake.
Tshibamb akazibusu zake, hakunusa.
Jogoo akaondoka kichwa chini.

Leo Jumatatu kaja na bendeji mpaka kiwiko.
Nje wameshaanza:
"Wa kulia aliuficha makusudi! Anautunza kwa mara ya tatu!"
"Mara ya tatu Nkulu atakuwa amejifunza!"
Noti moja imeshapenya koponi, sijui ya nani.

Musompo akacheka kwa upande wa mdomo uliosalia.
"Promota anasema juma lijalo."
"Nikuandikie deni?"
"Niandikie."
Nikafungua daftari,
nikachora kijiko kingine,
nikamwekea bukari, kushoto.