Mikwaruzo Mitatu

Jumapili, mvua ya Liège haina adabu:
inapenya hata chini ya turubai la Servais,
inalowesha vijiko, saa mbovu, misalaba ya mabibi waliokwisha kuzikwa,
na katikati ya hivyo, ndani ya kitambaa cha jikoni,
bastola.
Mtutu mfupi kama jibu la mtu mwenye hasira.
Kifyatulio cha kukunja, kilichojilaza tumboni kama kisu cha mfukoni.
"Elfu moja mia nane sabini na kitu," anasema Servais,
na hicho "kitu" ndicho kinachonilia pensheni.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka.
Hawakuiona hii.
Vuta kidole mara moja: nyundo inapanda,
silinda inageuka, tundu linakaa nyuma ya mtutu,
nyundo inaanguka.
Kupanda na kuanguka, pumzi moja.
Zile za kabla yake zilitaka dole gumba kwanza;
zilikupa nafasi ya kubadili nia.

Ninazo kumi na moja. Nilikuwa nazo kumi na mbili.
Josée anaziita "wakwe zako":
hazifanyi kazi, zimejaa kabatini, na kila mwezi zinadai mafuta.

Nazisafisha kwa mafuta ya taa na unyoya wa bata bukini.
Msasa ni wa wauzaji.
Kutu ya kahawia naiacha; ule ni umri, si uchafu.
Moja niliinunua ikiwa na mikato saba kwenye mpini.
"Watu saba," alininong'oneza muuzaji wa Namur.
Nyumbani nikaiweka chini ya lenzi:
mbao ndani ya mikato ni nyeupe, bado mbichi.
Hao saba waliuawa na bei.

Ninachokitafuta mimi kiko ndani.
Skrubu mbili, bamba la ubavuni linatoka,
na pale kamani ilipojikunja kama ulimi wa mjusi,
mkono fulani uliacha mikwaruzo mitatu ya tupa,
wa katikati umepinda.
Si muhuri wa serikali. Ule uko nje,
herufi tatu ndani ya yai, nyota chini yake.
Hii ni ya mtu aliyelipwa kwa kipande,
aliyebeba kazi yake hadi kiwandani kwa kikapu
na hakutaka kudhulumiwa hesabu.
Nimeikuta kwenye bastola nne.
Majina manne ya makampuni. Mkono mmoja.

Namwita Jirani.
Namketisha dirishani kule Herstal, mwanga wa saa tisa,
viazi motoni,
mtoto chini ya meza akihesabu skrubu.
Huenda alikuwa mwanamume mwenye kikohozi cha makaa.
Mimi nilichonga funguo miaka thelathini na sita;
ninachokijua kwa hakika ni kwamba alitumia shoto.

Mjukuu wangu Noémie, miaka tisa, aliniuliza:
"Hii ilimuua nani?"
Sijui, nikamwambia.
"Na hujawahi kutaka kujua?"
Ilikuwa tupu. Akajaribu kuvuta; kidole kikashindwa,
akaongeza cha pili, uso ukamwiva,
nyundo ikapanda nusu,
akairudisha polepole.
"Nzito," akasema, akarudi kwenye katuni zake.
Usiku ule sikupaka mafuta chochote.

Februari bili ya gesi ilikuja na meno.
Nikauza moja, mojawapo ya zile nne,
kwa kijana aliyetoka Ghent na glavu nyeupe.
Akapima mtutu, akapiga picha nakshi, akauliza karatasi.
Hakufungua bamba.
Sikumwambia.
Wala sikumwambia kwamba jana yake, chini ya taa,
nilichukua tupa kwa mkono wangu wa kulia
nikaongeza wa nne.
Mtaalamu angesema nimeiharibu, na angesema kweli.
Josée alisema tu, "Unatetemeka. Kaa."

Chuma kilichokwaruzwa leo hung'aa vibaya mno.
Kitahitaji miaka mingi kufifia, kufanana na ile mitatu,
na miaka mingi sina.
Servais ameshapiga simu:
anayo nyingine kitambaani,
kamani imekatika, anasema,
kidole kinavuta na hakuna kinachopanda.