Flashi Chini ya Mkate

Somoe, salamu zako, zimenifika jioni,
Kaleta Twalibu wako, akihema mlangoni,
Siku hamsini huko, umekaa eda ndani,
Wauliza kama iko, ya kutazama nyumbani.

Chini ya mkate mofa, flashi nimeifutika,
Wifi yako mwenye sifa, za kunusa na kuzuka,
Asipewe taarifa, Langoni zitazunguka,
Kutazama si kashifa, ni roho kupumzika.

Najua wanaokuja, kukaa nawe kitako,
Kila mmoja na hoja, ya msiba wa mwenzako,
Wakuongeza na moja, huzuni juu ya yako,
Nami naleta vioja, upate hata kicheko.

Anza na hii ya kwanza, mpishi wa Kikorea,
Ulimi umemponza, ladha imempotea,
Apika akijifunza, sauti kutegemea,
Sitasema, nautunza, mwisho utajionea.

Ila katikati yake, yachosha kama hesabu,
Wanazozana na mke, pasi kujua sababu,
Hapo chai uipike, kwa hiliki, taratibu,
Urudi, ujipweteke, hujapitwa na ajabu.

Ya pili Kihindi sana, ndefu masaa matatu,
Mke cherehani ana, ashona nguo za watu,
Aja mchumba mwanana, apimwa shela, viatu,
Ataja jina la bwana: sindano ikawa butu.

Nyimbo saba; za mvua, ziruke zote pamoja,
Ila ya sita yaua, hiyo kaa ukingoja,
Afumua, afumua, pindo moja, pindo moja,
Nalia, nami najua, ni mchezo na kioja.

Umeme ukikatika, kama kawaida yake,
Keti gizani, kumbuka, alipoishia mke,
Mwisho wako utaweka, wowote moyo utake,
Mimi nilimpa duka, mume nikampa teke.

Ya tatu, kazi ya Bongo, picha yake yafifia,
Mara waona mgongo, wa mpiga picha pia,
Ila mdaia pango, bibi mmoja, sikia!
Akibisha tu mlango, hata mimi nakimbia.

Ya nne usifungue, kaka Lali kaitia,
Mara gari liungue, mara mtu aumia,
Neno moja nilijue, sina la kukumbukia,
Twalibu naichukue, ndiye atashangilia.

Marehemu, msemaji, mwisho akiutangaza,
“Huyu ndiye muuaji!” mwanzoni akieleza,
Ana njugu, ana maji, kitini akijilaza,
Leo mwisho hautaji, kimya kinatumaliza.

Ya tano sikutafuta, imezuka kwa kakangu,
Kanda mbovu akifuta, za arusi, za ukungu,
“Njoo!” mara kaniita, “hebu tazama, dadangu,”
Picha yaruka, yasita, nikashika roho yangu.

Arusi ya Mkomani, miaka kumi na sita,
Yu Shee wako uani, na sinia akipita,
Kofia iko pembeni, kuna mtu amemwita,
Ageuka kamerani, acheka, picha yakata.

Sekunde tisa ni zote, nimehesabu kwa saa,
Sauti haiji yote, ni mvumo umejaa,
Mjuzi awe yeyote, ataiita balaa,
Mimi naipa, zilete, nyota zote zilong'aa.

Sikwambii: ifungue, leo, kesho, au lini,
Moyo wako uamue, mimi wa mbali ni nani?
Jina lake ulijue, nimeliita “Uani”,
Wifi asikusumbue, tia komeo, mwandani.

Ukimaliza andika, nipe hukumu ya kweli,
Ya sita ukiiruka, tutagombana wawili,
Siku utakapotoka, nitakungoja kwa Lali,
Kanda zingine twasaka, huenda yuko pahali.