Panda ya Mrihi

Langoni wamenikatia risiti:
mgeni mkaazi, mmoja, kwa miguu.
Mkaazi, sawa. Mgeni, nikaguna.
Nimezaliwa Gede; kelele za tumbili wa ukingo huu
ndizo zilizokuwa saa yangu ya kwenda shule.

Goti langu la kulia limeshaandika barua ya kustaafu.
Daktari wa Malindi kasema: tembea.
Basi natembea,
nyuma ya Fondo, kijana wa Jilore,
buti lake la kushoto limefungwa kwa uzi wa nyavu,
na akitaka kuuliza jambo msituni hupiga mluzi,
akangoja.

Kwanza mchanga mweupe, unga uliochekechwa,
ukipiga hatua mbili warudishiwa moja.
Kisha, bila kuonywa, udongo ni mwekundu,
mirihi imewapisha mifunda, vichaka vimebana,
na jua linaingia kwa kubisha hodi.
"Pale," ananong'ona.
Sioni.
"Pale, chini ya lile jani kavu."
Jani kavu likafumbua jicho moja:
bundi, mdogo kuliko ngumi yangu,
akanitazama kama karani wa benki saa saba mchana,
akafumba.

Mbele kuna kibao.
NJIA YA TATU. USITOKE NA KITU.
Nilikisoma mara mbili.

Mama yangu, Mbodze wa Tsofa, alitoka na kitu
kila Jumanne, kila Ijumaa,
kibali cha mwezi kimefundikwa pembeni mwa leso:
kuni kavu, za kuokota, mzigo mmoja wa kichwa, shoka marufuku.
Na njia hii hakuiita ya tatu.
Aliiita Kwa Mtwishi.
"Leo nimechelewa, nilipumzika Kwa Mtwishi."
Nikadhani ni mtu.
Utoto wangu wote nilijua humu ndani anaishi mtu
anayewatwisha wanawake mizigo yao,
na nilimwonea wivu,
maana mama alimtaja kwa upole
kuliko alivyomtaja baba.

Mchanga mweupe ukarudi. Goti likalalamika.
Fondo akasimama chini ya mrihi mmoja, mpana,
uliogawanyika panda mbili,
na pale zinapoachania gome hakuna:
mti umelainika kama mpini wa mwiko wa urithi.
"Wageni nawaambia ni ndovu," akasema,
"wanajikuna. Kweli yenyewe siijui."

Nikausogelea. Nikaupa mgongo.
Panda ikanigota kisogoni,
kimo kile kile, kimo cha mama.

Kutua mzigo si kazi.
Kazi ni kuuinua ukiwa peke yako,
kilomita nne, na giza linakuja, na mtoto kaachwa kwa jirani.
Hapa unauegemeza bila kuinama,
unatoka chini yake, unanyoosha shingo,
unakunywa maji, unalia kama una la kulia,
kisha unarudi chini yake, unasimama,
na humwambii mtu asante.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mti huu haukusema hivyo.
Mti huu uliupima kila mmoja
mpaka ngozi ikautoka.

"Sasa niseme nini?" Fondo akauliza. "Si ndovu?"
Nikafikiri. Kuna mambo hayaandikwi kibaoni.
"Sema ndovu tu," nikamjibu.
"Ndovu hashindwi na mkonga wake."

Kitu kikapita miguuni mbio, pua ndefu,
makalio ya manjano kama kiraka cha suruali;
tukacheka wote wawili, na goti likasahau.

Langoni askari alifungua mkoba wangu:
chupa ya maji, dawa ya kuchua, risiti.
"Mama, hujatoka na kitu?"
"Sijatoka na kitu," nikasema,
nikapita polepole, shingo wima,
mkono mmoja juu, karibu na sikio,
kama mtu anayeshikilia.