Chema Chajiuza

Mbaruku amefungua kompyuta juu ya robota la vitenge,
ghorofa ya tatu, Mtaa wa Aggrey, feni inasuasua.
Tovuti ina miaka tisa, anasema, haijawahi kulala.
Wageni elfu arobaini kwa mwezi.
Milioni kumi na nane, na maongezi yapo.

Zaituni ananitazama mimi.
Ndiyo kazi aliyonilipia: kulifungua gunia
amwone mbuzi, amhesabu meno.

Naomba nywila ya takwimu.
Si picha ya takwimu, Mbaruku,
picha hata mdogo wangu anachora.
Anakohoa. Anaagiza soda.
Naomba miamala ya simu ya miezi kumi na miwili,
na jina la tovuti limeandikishwa kwa nani,
na seva nani anailipia, na Juni ikifika nani ataendelea.
Soda inafika, ya moto.

Naingia.
Mwezi wa pili grafu imeruka kama chura aliyekanyagwa:
wageni elfu tisa usiku mmoja,
wote saa tisa na dakika nne,
wote wakakaa sekunde moja wakaondoka.
Hawa si watu, namwambia Zaituni, sauti ya kawaida tu.
Mbaruku anachungulia dirishani, chini wanapakua majora.
Nawatoa.
Natoa na fedha za kamari,
kiungo kimefichwa mkiani mwa ukurasa,
herufi nyeupe juu ya weupe.
Arobaini inabaki kumi na moja.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza;
hiki kimepandishwa ngazi tatu na dalali.

Lakini hao elfu kumi na moja!
Hao wanakuja usiku, wiki ya mwisho kabla ya Idi,
wiki ya mwisho kabla ya Krismasi,
kutoka Mbagala, Gongo la Mboto, Songea, Kasulu,
simu zao zina nyufa, bando zao za kupima,
wanauliza: mbona uzi unakatika?
Mbona cherehani inaruka mishono?
Wanakaa dakika saba.
Dakika saba mtu anasoma, anaiendea mashine,
anarudi, anasoma tena.
Roboti haina gauni la mtu la kumaliza asubuhi.

Nafungua ukurasa wanaoupenda kuliko zote.
*Uzi ukikatika, usiitukane mashine.
Chomoa sindano, ipitishe ncha kwenye ukucha:
ikikwaruza, imekwisha.*

Kwenye ukucha.
Mkono wangu ukasimama.
Hayo ni maneno ya shangazi Siwatu,
barazani kwake Tandika, pini mdomoni,
akisema na mimi bila kuniangalia.
Na aliyeyaandika ni mimi, mwaka wa pili chuoni,
kafe ya intaneti Mwenge, elfu mbili kwa ukurasa,
kwa mtu niliyemjua kwa namba ya simu tu.
Kurasa thelathini na moja.
Nne za mwisho sikulipwa, namba ikafa.

Ulianzisha wewe? namuuliza Mbaruku.
Hapana, alinunua kwa mtu,
naye alinunua kwa mtu, wa Arusha, au Moshi.

Jedwali langu lina safu ya mapato,
ya gharama, ya hatari.
Halina safu ya ukucha.
Shangazi anatumia simu ya tochi,
hajui kwamba usiku wa kuamkia sikukuu
anafundisha nchi nzima.

Nne na nusu, namwambia Zaituni.
Usitoe shilingi kabla jina halijahamia kwako.
Na haya maandishi, anauliza, ya kuaminika?
Hayo ndiyo mali, nasema. Mengine ni rangi.
Ila jua kwamba mimi nimo humo, usije ukasikia kwa mwingine.

Kisha nikaandika chini, kwenye madeni:
*kurasa nne, shilingi elfu nane.*
Zaituni akasoma, akacheka.
Mbaruku hakucheka. Deni la nani tena hilo?
Nikaivuta soda yake ya moto,
nikainywa hadi chini.