Ghorofa ya Sita

Jana Shekuwe kaniletea halua, kilo mbili,
na ujumbe wa sauti: "Dada, twaongeza ghorofa moja tu."
Moja tu. Kama kijiko cha sukari.

Halua nimeila, sikatai.

Ramani niliyomchorea ni ya ghorofa tano.
Nguzo zake nilizihesabu kwa taa ya simu,
umeme umekatika, mwanangu kanilalia mguuni.
Pale Tudor, chini ya kiwanja,
mwamba una matundu kama uso wa chila.
Nikaomba tuchimbe shimo la kupima.
"Shimo nalo lalipiwa?"
Nikalilipia mimi, kwa karo ya muhula.
Kazungu akashusha mtaimbo,
ukazama mpaka kiganjani.
Akanitazama, asiseme kitu.
Tukahamisha nguzo mbili,
na bwana akanung'unika kuwa gari lake halitageuka.

Watu hudhani nauza mistari.
Ninachouza ni jina,
nalo kila Januari hudai chakula:
leseni, bima, ada ya chama,
na deni jingine lisilo na risiti,
la kuamka saa tisa usiku, mvua ya Mei juu ya bati,
nikijiuliza saruji ile ilikorogwa kwa maji gani.

Mchanga alioupata kwa bei ya chini
niliutia ulimini mbele ya mafundi.
Chumvi.
Nikaamuru upakiwe, urudi ulikotoka.
Wakacheka: msanifu gani huyu, aonja jengo kama mchuzi?
Lakini chumvi hula nondo bila haraka.
Hungoja wapangaji wahamie,
watundike mapazia,
watoto wao wajue kupanda ngazi.

Mama, kule Kuze, haachi kuuliza:
"Wewe mchora majumba, yako i wapi?"
Yangu ni ya kupanga, Sparki.
Dari yavuja juu ya meza ya kuchorea;
nimetega sufuria.

Muhuri nimeufunga pindoni mwa leso
kama bibi afungavyo noti yake ya mwisho.
Shekuwe asema si neno,
kuna kijana Buxton atapiga wake kwa elfu kumi.
Kijana gani?
Akamtaja.

Nilimfundisha mimi. Miezi sita, ofisini kwangu,
hata kuchonga penseli.

Nimempigia mara tatu tangu alfajiri.
Simu yaita.
Sahani ya halua imeingia sisimizi,
nami sijainuka kuiosha.