Saa Tisa, Maabara ya Ahero

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Yangu yanalo. Hushuka saa tisa alasiri,
zito kama gunia la mchele lililonyeshewa,
na nyuma yake mimi bado nimekaa wima,
jicho kwenye hadubini, kidole kwenye gurudumu,
nikihesabu kitu nisichokiona.

Hivyo ndivyo nilivyoandika HAKUNA
kwenye kioo cha mtoto wa Kobura.

Odembo, msomaji wa pili, hakupaza sauti.
Alivuta kiti. "Tazama tena."
Nikatazama. Na pale, ndani ya chembe ya damu,
pete nyembamba yenye kito kimoja chekundu,
na nyingine, na nyingine,
kama nyumba ya arusi niliyopita mlangoni pake
nikaapa haina watu.

Dawa ilifika Kobura kwa bodaboda kabla ya giza.
Mtoto alipona. Nalisema mapema
ili msikilize lililobaki.

Nilijiandaa kwa karipio. Majibu nilikuwa nayo:
vioo themanini, feni iliyokufa tangu Machi, mshahara.
Yeye akauliza: "Jana ulilala saa ngapi?
Na mchana ulikula nini?"

Nikacheka. Kisha nikajibu,
na jibu likanivua nguo:
saa nane usiku, simu mkononi,
nikisoma ugomvi wa watu nisiowajua;
mchana ugali wa ngumi mbili, nikala nimesimama,
chai ya vijiko vinne ya kuniamsha,
soda ya kuiamsha chai.

Miaka sita niliuita uvivu.
Kageha, kaza! nilijiambia, nikakaza.
Mamangu kule Chavakali alichuma chai
mpaka vidole vikawa vyeusi,
na hakuwahi kusema ameishiwa na umakini.

(Nilipomuuliza, alinishangaa.
"Nani alikwambia nilichuma mchana kutwa?
Jua likipanda, tulilala chini ya majani yenyewe.")

Nyuma ya dirisha letu kuna mfereji.
Maji ya mpunga huja kwa zamu.
Min Atis hufungua lango, hujaza jaruba moja, hufunga,
kisha huketi ukingoni, miguu topeni.
Nilidhani anapoteza muda.
Kumbe ndiyo kazi: kujua maji hayatoshi kote
kwa wakati mmoja.

Basi sasa nami nina malango.
Asubuhi, vioo vya watoto, vile vigumu,
kichwa kingali kimejaa.
Kila vioo ishirini, nainuka, naenda bombani.
Yangeyange wamesimama kwenye mpunga, weupe,
na siwahesabu.
Mchana omena, sukuma, ugali wa ngumi moja. Nakaa chini.
Saa tisa nafuta rafu, najaza daftari:
kazi inayosamehe.
Usiku simu inalala jikoni, mimi chumbani,
kama mume na mke waliokosana.

Si kila siku.
Kuna asubuhi naamka nimechoshwa na mzigo
ambao sikuubeba kwa mikono:
karo ya Mudogo, ujumbe wa dada usiojibiwa.
Hayo nayaandika kwenye karatasi,
natia karatasi kwenye mfuko wa koti,
natundika koti mlangoni.
Yananingoja. Hayajawahi kuchoka kuningoja.

Jana, saa tisa kasoro, kimeletwa kioo cha haraka.
Pazia lilikwisha kuanza kushuka.
Nikamwita Odembo awe macho yangu,
nikamkuta anapiga miayo kama kiboko.

Kioo kikabaki rafuni kikikauka.
Sisi tukatoka, wazee wawili wa vioo,
hadi langoni kwa Min Atis na kurudi,
bila neno, tukinawa nyuso kwa maji ya mpunga
ambayo hayakuwa ya zamu yetu.

Tukarudi. Tone la mafuta.
Uwanja wa kwanza: hakuna.
Wa pili: hakuna.
Wa tatu.
Ngoja.