Zamu Mbili Kaliua

Mama mkwe wangu, Bi Mwavita wa Ujiji,
hazungumzi nami ila kwa kete.
Miaka saba nimeolewa na Feruzi wake,
na salamu yake ya jioni ni kusukuma bao
mpaka ligonge goti langu: "Haya. Namua."
Nanamua, anakula. Natakata, anakula.
Nyumba yangu hubomoka kabla chai haijapoa.

Basi iliposikika habari ya tamasha,
siku mbili za michezo ya mezani, Tabora,
ukumbi wa shule, kiingilio elfu mbili,
nilijua atakwenda, na nilijua nani atabeba.
Bao lenyewe ni la mninga,
zito kama mtoto wa darasa la pili.
Nililipakata usiku kucha, behewa la tatu,
naye amelalia bega langu bila kuomba ruhusa,
kanga yake ikinuka mawese na karafuu.

Jamani, ule ukumbi!
Vizibo vya soda vikigongwa kwenye drafti, pa! pa!
vijana wa Ng'ambo wakimwagia poda ubao wa keramu,
walimu wamevua makoti kwa ajili ya arubastini,
baba mmoja akilumbana na bintiye juu ya ludo
kama watu wanaogombea shamba.
Mimi nimezoea mikusanyiko ya kulia
au ya kula wali.
Huu ulikuwa wa watu wasiojuana
wameinamia meza moja, wanafikiri.

Bi Mwavita alijifunga kanga kiunoni,
akawala watu saba kabla ya adhuhuri.
Lusangija, kondakta mstaafu, aliomba marudiano mara tatu;
mara ya tatu aliyatazama mashimo ya safu yake ya mbele
kama abiria aliyeachwa na treni.
"Hamna," akasema Bi Mwavita, bila kuringa,
kama mwenye duka anayesema sukari imekwisha.

Halafu mtoto. Kashindye, miaka kumi na moja,
mchezo kaubuni mwenyewe juu ya boksi la sabuni:
reli ya kalamu nyekundu, Tabora hadi Kigoma,
Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka.
Ukitua Malagarasi unalipa samaki mmoja,
ukitua Uvinza unaokota chumvi,
na pale Kaliua, kwa mwandiko wa kujikaza:
INJINI IMECHOKA. KAA ZAMU MBILI.

Bi Mwavita alirusha dadu. Kaliua.
Akakaa. Tukampita sote,
mimi mbele, nikaingia Kigoma na magunia yangu.
Tukaanza upya. Kaliua tena.
Nilingoja ghadhabu.
Alicheka hadi akayashika meno yake ya bandia.
"Huyu mtoto ana roho mbaya," akasema,
akaulizia bei ya boksi.
Kashindye alitaka elfu tatu.
Walipatana elfu nne; aliyepandisha ni mnunuzi.

Safari ya kurudi, saa nane usiku, treni ikasimama.
Giza, vyura, mtu akauliza dirishani ni wapi.
"Kaliua," ikajibu sauti kutoka chini. "Injini."
Behewa zima likaguna.
Nikahisi kitu kinatikisika ubavuni pangu:
ni yeye, anacheka kimyakimya,
bega likipanda, likishuka.

Akawasha tochi ya simu, akalikunjua boksi juu ya bao,
akamwamsha mama mwenye mapacha,
akamwita muuza vitunguu wa Nguruka:
"Njooni, sisi tutangulie kufika."
Tulicheza kwa vitufe vya shati na punje za mahindi.
Pacha mmoja alitaka kumeza treni yangu.

Kisha akanigeukia. Siku zote mimi ni wewe,
au mke wa Feruzi, au huyo.
"Rusha, Sikitu," akasema.
Dadu ikaniponyoka, ikabingirika chini ya viti,
hatukuiona tena.
Mimi nasema ilikuwa sita.
Yeye, hadi leo, anashikilia ilikuwa moja.